Shosho Hazai Peke Yake

Kendi mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua. Umenipita mlangoni sasa hivi ukienda kusukwa nywele, umenipita kama mtu anayepita mti wa stima, hata "nimetoka" hukusema. Utakaa huko hadi jioni, kwa sababu ile saluni yako ya karibu na soko la Gakoromone wanafanya kazi kwa mdomo kuliko kwa vidole. Basi nina muda. Nimefunika cherehani, nimemwambia baba yako chai iko kwenye thamosi na asinisumbue, nikachukua karatasi hizi ninazokatia sare za shule. Ukiona alama za chaki usihangaike, ni mabega ya mtoto wa mtu.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa. Sitakuambia usitembee usiku, wala usimwamini mwanamume anayeanza na "sista". Hayo yote ami yako Kirimi alikupa Jumapili kwenye chakula cha kukuaga, amesimama, paja la kuku mkononi, mukimo wa watu unapoa. Mtu ambaye safari yake ndefu maishani ni Nanyuki, na huko Nanyuki alirudi siku hiyo hiyo akilalamika baridi, ndiye wa kukufundisha maisha ya Lodwar! Akamalizia na "asiyesikia la mkuu huvunjika guu," ilhali yeye mwenyewe anachechemea tangu alipokatazwa kupanda mparachichi wa jirani akapanda.

Mimi nitakuandikia kuhusu kakati na miiba yake. Ndicho kitu pekee ninachokijua kuliko Kirimi, na ndicho kilichotugombanisha.

Shosho alipokuja ulikuwa bado unatambaa. Mwalimu mmoja aliyekuwa mpangaji hapa Kinoru alikuwa anahama, lori limejaa, akaona chungu kimoja kidogo kimesahaulika juu ya ukuta. "Fundi, chukua, au nitupe," akasema. Ndani mlikuwa na kitu cha mviringo, cheupe, kimejizungushia miiba myembamba laini kama mpira wa uzi. Nilikipenda kwa sababu hiyo tu, mimi mtu wa nyuzi. Wiki nzima nilidhani ni pambo lililofumwa na mtu. Kikaja kutoa maua ya waridi kuzunguka kichwa chote, na wewe uliyekuwa umeanza kuongea ukakiita Shosho, yaani bibi, kwa zile mvi. Jina likakaa. Miaka mingi baadaye ndipo nilisoma kwenye simu kwamba kwao Meksiko Shosho amebaki mahali padogo sana, na hapo padogo wezi wamekuwa wakimng'oa usiku na mchana.

Watu wa hapa nao! Mama Makena wa kikundi cha akina mama aliniambia miiba nyumbani huleta ugomvi. Nikamwambia kwake hakuna hata mwiba mmoja, na ugomvi wao tunausikia hadi kwetu na dirisha limefungwa. Mwingine akasema nitaleta lile balaa la Laikipia, ile dungusi iliyomeza malisho na kuwatoboa mbuzi midomo. Laiti angejua! Ile ya Laikipia huzaa hata ikikanyagwa. Yangu niliibembeleza miaka na miaka haikunipa mbegu moja, na sasa nakueleza kwa nini, maana hii hadithi umeijua nusu ya mwisho tu.

Sisi watu wa mlima hatujui mbegu. Tunajidai wakulima, lakini angalia. Ndizi tunang'oa chipukizi tunapanda. Miraa ni chipukizi. Majani chai ni kijiti. Nduma ni kichwa kinarudishwa matopeni, viazi ni jicho. Mbegu ya mahindi tunanunua dukani ikiwa kwenye pakiti, isipoota tunalaumu duka. Kwa hivyo Shosho alipotoa vitoto ubavuni, nilifanya alivyofanya babu yangu kwa migomba. Nikavivunja, nikavikausha, nikavipanda. Vikashika. Navyo vikatoa vyao, navyo nikavunja. Veranda ikajaa vyungu, mikebe, hata ile sufuria iliyotoboka. Nikajiona bibi shamba.

Kisha nikasikia kwamba wanaojua kakati hawajisifu kwa vipande, hujisifu kwa mbegu. Kutoka kwa mbegu ndipo hupatikana kakati mpya ambayo haijawahi kuwapo. Hilo likaniingia kichwani. Nikachukua brashi yako ya rangi ya shule, na kila msimu wa maua nikawa natoa chavua kwenye chungu hiki napaka kile. Huyu nikamwita mume, huyu mke. Nilifungisha ndoa nyingi pale verandani kuliko pasta wetu kanisani. Na hakuna aliyeshika mimba.

Nikatafuta wa kulaumu, na unajua sishindwi. Nililaumu ukungu wa Julai. Nililaumu nyuki wa Meru kwa uvivu. Nililaumu jicho la Mama Makena. Baba yako, ambaye anaogopa kakati kuliko fisi, nilimlaumu kwa kupita karibu nazo akiwa na mpira wa maji. Alinijibu mara moja tu. "Labda wanajuana sana," akasema, akarudi kwa taarifa ya habari. Nilimwambia anyamaze kama hajui kilimo. Yule mtu hunena neno moja kwa mwaka, na mwaka huo nililitupa.

Sasa Njiru. Unajua nilivyomdharau Njiru wa Embu. Nilikuwa nikienda kununua vitambaa naona vile vibanda vyake vya miche kando ya barabara, na kakati zimepakwa rangi ya kopo, bluu, dhahabu, na juu ya kila moja ua kavu limegundishwa kwa gundi ya moto. Gundi! Kwenye ngozi ya mmea ulio hai! Na watu wa magari makubwa wanasimama wananunua, wanauliza kama iko ya pinki, wanafurahi kwamba ua halinyauki. Bila shaka halinyauki, lilishakufa. Nilipita pale miaka mingi nimegeuza uso, na nilijisikia mtu bora sana kwa kugeuza uso.

Hiyo siku ulikuwa darasa la saba. Mimi nabishania kitambaa cha bitana, wewe ukaponyoka. Nilikukuta umechuchumaa na Njiru nyuma ya kibanda, pale anapoweka vile asivyouza, na kati yenu kuna mkebe wa rangi, na ndani ya mkebe mpira mweupe wa uzi wenye kovu jeusi ubavuni.

"Mum, kuja uone, Shosho mwingine!"

"Shosho tunao veranda nzima," nikasema. "Simama, umechafua sare."

Njiru akanitazama. Vidole vyake vilikuwa na gundi iliyokauka. "Wako umewatoa wapi, mathe?"

"Nimewapanda mwenyewe. Nimevunja kwa yule mkubwa."

"Wote?"

"Wote."

Akacheka, si kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliniudhi. "Sasa hao si wengi, mathe. Huyo ni mmoja. Umemkata tu ukamuweka kwa mikebe tofauti. Hii aina haiwezi jizalisha, inakataa chavua yake yenyewe. Lazima utafute mgeni. Kama huyu wangu, huyu nilipanda mbegu, hajuani na wako kabisa."

Miaka yote ile nilikuwa nampaka Shosho poda yake mwenyewe. Na aliyeniambia si profesa, ni mtu wa gundi, mbele ya mtoto wangu. Ningesema asante mara moja, ningeomba chavua kidogo, ningepunguza miaka. Badala yake nilisema, "Kendi, twende," nikakuvuta mkono hadi stendi. Ulilia njia nzima mpaka Chuka. Nilikuambia mtu anayepaka kakati rangi hana la kutufundisha.

Dharau ni tamu, Kendi. Wewe unayo, umeirithi kwangu, naiona ukimwangalia Kirimi, na kwa Kirimi sikukatazi. Lakini jua kwamba mimi niligeuza uso miaka mingi, na nyuma ya kile kibanda nilichokigeuzia uso ndiko kulikuwa na kitu nilichokuwa nakitafuta.

Hukunitii. Likizo ukaenda kwa shangazi yako Embu, na siku ya kurudi uliingia mlangoni ukitembea kama umebeba mayai kichwani. Ukatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa, ukaikunjua mkunjo kwa mkunjo, na katikati kulikuwa na unga wa manjano ambao ungetosha ncha ya sindano. Nikafungua mdomo kukugombeza kwamba ulienda kwa Njiru bila ruhusa.

"Mum, usipumue!" ukasema.

Sikupumua. Tulimpaka Shosho pamoja, wewe brashi, mimi nimeshika taa ya simu mchana kweupe kwa sababu mikono haikujua ifanye nini. Miezi ikapita, nikaona katikati ya miiba kitu kimejificha, nikakivuta kwa sindano ya kutarizi. Tunda. Dogo kama punje ya mtama. Ndani mbegu nyeusi. Nililia, na kama uliwahi kumwambia mtu, nitakana.

Tukakaanga mchanga. Mchanga wa mto kutoka Tharaka, kwenye sufuria, kuua ukungu na vijidudu, na Mama Makena akauliza kanisani kama kwetu tumeishiwa na unga. Tukapanda kwenye vile vibakuli vya kubebea chakula, tukafunika kwa karatasi ya nailoni. Vikaota vitone vya kijani ambavyo havifanani na kakati wala na kitu chochote. Ukavihesabu kila ukitoka shule.

Na hapo nikafanya la pili, baya kuliko lile la Njiru. Nilivipenda sana. Nilivimwagilia asubuhi kama mboga za sukuma. Nilivitilia mbolea ya ng'ombe kidogo, kwa sababu mimi mtu wa mlima siamini kiumbe chochote kinaweza kukua bila samadi. Mvua za Novemba zilipokuja niliviingiza ndani, nikavifunika, nikavifunua, nikavihamisha jikoni kwenye joto, nikavirudisha. Vikawa vyeusi shinani, kimoja kimoja, vikalala. Vyote. Mwenye kosa hakuwa ukungu wala nyuki.

Kumbe ulikuwa umeniibia kimoja. Ulikiweka kwenye kidirisha cha choo, nyuma ya sabuni ya kufulia, ukakisahau hapo, na kwa sababu hakuna aliyekipenda kikaishi. Nilikikuta kimekuwa kama kifungo cha shati, cheupe, kimekaza. Uliponiona nimekishika ulinitazama kama mtu aliyefumaniwa. Nikakirudisha nyuma ya sabuni. Sijawahi kukuambia jinsi ilivyonigharimu kukirudisha bila kukinywesha tone.

Hiyo ndiyo kakati yako. Mwaka jana ilichanua mara ya kwanza, waridi lililokolea kuliko la Shosho, na Shosho alikuwa amemaliza maua yake. Njiru naye alishauza yule wake kwa watu wa Nairobi, na ua kavu juu, aliniambia mwenyewe akiangalia chini. Kwa hivyo katika dunia yangu mimi imebaki moja tu ambayo Shosho anaweza kuzaa nayo, nayo ni yako. Na mwaka huu nimeona zote mbili zimeanza kuvimba kichwani kwa pamoja, dalili ya maua.

Ndiyo sababu ya ule ugomvi wa Jumapili. Wewe ulidhani ni uchoyo, na hukukosea sana. Ulipotangaza mbele ya wageni kwamba unaenda nayo, niliweka sahani chini.

"Hiyo haitoki hapa," nikasema.

"Si ni yangu?"

"Ilizaliwa kwa nyumba yangu."

"Hata mimi nilizaliwa kwa nyumba yako, Mum. Na wiki hii natoka."

Kirimi akakohoa. Mama Makena akaangalia chapati yake kama imeandikwa kitu. Baba yako, ambaye neno lake la mwaka lilikuwa bado, hakulitumia. Na mimi nikasema lile la kwamba itafia huko Lodwar kwa sababu hujawahi kutunza kitu, nawe ukatoka mezani. Nilikuwa mwongo. Wewe ndiye uliyeitunza. Mimi ndiye niliyeua zile zingine zote. Na Lodwar ni jua na mchanga mkavu, wewe unaenda kuwachimbia watu visima mahali ambapo kakati ingeomba kuzaliwa. Nililisema kwa sababu lilikuwa karibu na mdomo.

Sitaki uende. Nimeliandika, sitarudia, na usije ukanisomea siku nyingine mbele ya watu. Cheti umekisomea Embu, kazi umeitafuta mwenyewe, na mimi niliyemshonea kila mtoto wa Kinoru sare sikuwahi kufikiri kwamba wangu naye angemaliza shule akaivua. Nimekaa na hasira hii wiki nzima nikiitafutia mtu. Nimemjaribu baba yako, nimemjaribu Kirimi, nimemjaribu mwajiri wako ambaye simjui hata sura. Haimtoshi yeyote.

Sasa soma hapa polepole. Jana uliichukua kakati yako verandani ukapiga nayo picha, macho mekundu, ukaiweka kwa simu na maneno ya kuaga ili marafiki zako waone mama yako ni mtu wa aina gani. Niliiona, Mama Makena alinionyesha, amefurahi kupindukia. Wewe unayejiita mjuzi! Ulichokumbatia kwenye hiyo picha ni kipande cha Shosho. Nilikivunja nikakitia kwenye chungu chako, na umekiaga kwa machozi bila kujua, kwa sababu bila ua hata wewe huwezi kuwatofautisha.

Yako haiko kwenye chungu tangu Jumatano ya wiki iliyopita. Unajua kwamba kakati haing'olewi leo ikasafiri kesho. Mizizi ikikatika ikiwa na unyevu, inaoza njiani. Lazima ing'olewe mapema, ikung'utwe udongo, ilale mahali pakavu hadi vidonda vifunge. Nimekufundisha hilo mwenyewe. Kwa hivyo piga hesabu. Jumapili nilipokuwa nakufokea mbele ya kuku wa watu, yako ilikuwa juu ya kabati la chumba changu, kwenye gazeti, inakauka kwa ajili ya safari. Nilikuwa nimeshaamua. Sikusema kwa sababu nilitaka nafasi ya kubadilisha nia, na kila asubuhi nimepanda kiti nikaitazama, na kila asubuhi nafasi hiyo ilikuwa bado ipo. Pia nisingevumilia kushukuriwa mbele ya Kirimi.

Vile vijiua vilivyokuwa vimeanza kuchungulia vimekauka. Mmea ukisumbuliwa hutupa maua kwanza. Mwaka huu Shosho atachanua peke yake tena, na mimi sitachukua brashi, nimeshajifunza.

Yako nimeifunga kwa tishu, nikaitia ndani ya soksi ya baba yako, nikaisokomeza ndani ya buti lako la kazi la kushoto, chini kabisa ndani ya sanduku lako. Usivae buti kabla ya kutoa. Ukifika tafuta mchanga mkavu, ipande, uiache. Ukishikwa na hamu ya kuimwagilia, kunywa hayo maji wewe. Na akitokea mtu huko mwenye nyingine kama hiyo, hata akiwa na gundi hadi kwenye viwiko, chuchumaa uongee naye. Mimi siko hapo kukuvuta mkono.

Nasikia geti. Ni baba yako anatoka nje, ameona nimeandika sana anaogopa kuuliza. Nikimaliza nitaweka barua kwenye buti la kulia, ili usiseme hukuiona.

Itachanua tena, si mwaka huu, labda mwakani, ikishazoea mahali. Ikichanua usinitumie picha. Picha za maua ninazo, simu imejaa, nusu yake ni za Mama Makena na aya za Biblia juu. Chukua karatasi ya daftari, kunja kama ulivyokunja ile ya Embu, nitumie chavua. Mpe mtu wa parseli, mwambie ni dawa ya mama yako.

Mimi huku sitapumua hadi ifike.

Mama yako,
fundi wa Kinoru